Pori linachomwa kila kiangazi na mchomaji tunamjua! Mpaka lini?

Wakuu, naandika macho bado yananiwasha kwa moshi.

Nipo wilaya ya Chamwino, Dodoma, kijiji sikitaji. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Sasa ni Septemba, nyasi ukizikanyaga zinavunjika, upepo unavuma kutwa nzima. Halafu mtu mzima mwenye akili zake anaingia porini kurina asali, akimaliza anaacha kienge kinawaka chini ya mti!

Jumanne jioni moto ukavuka korongo. Korongo pana, mchanga mtupu, ndilo tulilokuwa tunalitegemea. Nyasi zinazowaka zilipeperuka juu kwa juu zikatua kwenye uchanja wa mabua ya mtama, chakula cha mifugo yangu mpaka mvua. Yameisha yote. Tulipigana na moto kwa matawi ya mwarobaini, maana miti mingine haina hata jani, na mchanga kwa masufuria. Maji tunanunua kwa ndoo, ungemwaga ngapi? Mama yangu ana miaka 70 na ushee, alikuwa anabeba mchanga kwa khanga.

Saa tano usiku tukadhani tumemaliza. Kumbe samadi zizini inaungua chini kwa chini. Siku tatu! Juu unaona majivu, upepo ukipuliza inakuwa nyekundu. Mbuzi mmoja alizama humo, kwato zikaungua, ikabidi tumchinje.

Kilichoniuma zaidi ni mkutano wa kijiji. Kiongozi anasimama anasema, "Mwaka huu upepo umezidi." Upepo una kiberiti? Mwenyewe aliyewasha alikuwa amekaa nyuma pale, na kila mtu anamjua. Mwaka jana kesi yake iliishia kwenye "maelewano". Sheria ya Misitu ya 2002 inakataza kuchoma hovyo, na huku hakuna anayeifungua.

Na Juni nilisimama mkutanoni, nikaomba tulime barabara ya moto, yaani ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto usivuke, upande wa mashariki upepo unakotoka. Siku mbili za msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, majembe kila mtu anayo. Nikajibiwa, "Tutalijadili." Hadi leo.

Jumatatu naenda wilayani na picha za zizi. Wenye uzoefu, nianzie kwa afisa misitu au polisi? Nijibuni haraka, pori la mlimani bado halijaungua, na nyumba ya mama ipo chini yake.