Mwani wa kijani kwenye sampu: Chaetomorpha au Caulerpa?

Kitewe: Wakuu, salaam. Nataka mwani wa kijani wa kuweka kwenye sampu, lile tangi la chini la kuchujia maji ya tangi langu la samaki wa baharini, ili upunguze nitrati. Muuzaji ana Chaetomorpha na Caulerpa prolifera, anasubiri jibu langu kesho. Nichukue upi?

PwezaMkongwe: Nitrati ngapi? Fosfeti je? Taa gani, na unafuga samaki gani? Bila hayo tunabahatisha tu.

KangajaBuluu: Chaetomorpha. Haishiki jiwe wala kioo. Siku ya kuvuna unanyofoa nusu ya fundo, unatupa, umemaliza.

MwaniDaima: Mbona haraka? Chaetomorpha bila taa kali inadumaa na kunasa uchafu. C. prolifera inavumilia mwanga hafifu.

Chumvi35: Mimi Caulerpa siigusi tena. Ilijaa sampu nzima, imestawi. Jioni moja nikaona ncha za majani zimepauka. Asubuhi maji yote ya kijani, kioo cha nyuma hakionekani, samaki wako juu wanatweta, skima (mashine ya kutoa uchafu kwa povu) imefurika hadi sakafuni. Caulerpa nzima ni seli moja yenye viini vingi. Ikifika wakati wa kuzaa inamwaga kila kitu majini, linabaki ganda jeupe. Nitrati iliyokuwa imeifyonza ikarudi tangini na oksijeni ikaporomoka. Nilipoteza samaki niliowalea miaka.

MwaniDaima: Pole sana, ndugu. Ndiyo maana wengine huiwashia taa saa 24 na kuivuna mara kwa mara. Ng'oa utambazi mzima (shina linalotambaa) na vishikizi vyake, usikate katikati, itavuja.

PwezaMkongwe: Saa 24 unapoteza faida ya pH (kipimo cha asidi ya maji). Washa taa ya sampu usiku, ya tangi kuu ikizimwa: mwani unafyonza hewa ukaa, pH haishuki sana kabla ya kupambazuka.

KangajaBuluu: Na mabaki ya Caulerpa yagandishwe kwenye friza kabla ya kutupwa. Ndugu yake, C. taxifolia, ilionekana baharini Monaco mwaka 1984 ikasambaa Mediterania. California iligundulika 2000; wakaifunika kwa maturubai na kuiua kwa klorini, na hadi 2006 ndipo ikatangazwa kuwa imekwisha. Kipande kidogo tu kinaota upya.

Kitewe: Samahani kwa kuchelewa. Nitrati 40, fosfeti 0.2, taa ni LED nyeupe ya kawaida. Nina kangaja wawili, samaki walao mwani.

PwezaMkongwe: Una kangaja? Basi tafuta Ulva, mwani wa majani mapana. Inafyonza vizuri, na ukivuna unawalisha wao.

KangajaBuluu: Ulva inachanika na kuziba pampu. Chaetomorpha, ongeza taa, na ikipauka pima madini ya chuma.

Tumbawe_Laini: Naomba kudandia hapa. Halimeda yangu, ule mwani mgumu wenye kalsiamu, inapauka usiku. Ndiyo inakufa?

Chumvi35: Ikirudi kijani taa zikiwaka, ni kawaida yake. Ikibaki nyeupe mchana, itoe haraka. Kalsiamu yako ngapi?