Moshi: Nyumba imetelekezwa mwaka wa sita, mtoto katumbukia shimoni, na ofisi inaniambia "mama, mlete mwenye nyumba"

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe kama kuna maneno makali.

Nakaa Moshi mjini, mtaa wa nyumba za zamani zenye viwanja vikubwa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee mmoja ambaye alfajiri ilimkuta bustanini na panga lake, anapunguza masale ya uzio mpaka yananyooka kama yamepigwa kamba. Alifariki, huu ni mwaka wa sita. Watoto wako Dar, mmoja yuko nje ya nchi, mirathi iko mahakamani. Tangu matanga yaishe hakuna aliyefungua hata dirisha.

Kila Desemba wanakuja. Mnaijua Moshi ya Desemba, kila mtu kapanda kwao. Wanasimama getini nusu saa, wanagombana mpaka sisi tunasikia jikoni, wanabadilisha kufuli, wanaondoka. Mwaka juzi nilichuma jani la sale nikamfuata mkubwa wao. Nikamwambia, kaka, mgogoro wenu siuingilii, fyekeni majani tu na mfunike mashimo. Alilipokea sale mkononi, akasema watalishughulikia. Mchaga mwenzangu anayesoma hapa anajua, kwetu sale ni jani la kuombea amani na msamaha, ukilipokea umekubali ombi. Hadi leo hakuja hata kibarua mwenye fyekeo.

Sasa hivi majani yamefika usawa wa dirisha. Bati za upande mmoja zimeng'olewa, nyaya zimekatwa, fremu za madirisha zimeondoka usiku mmoja. Mwaka huu nimeua vifutu wawili, mmoja mlangoni kwangu kabisa, wajukuu wakiwa ndani. Tangi la zege alilojenga mzee kuvunia maji ya mvua liko wazi, limejaa, maji yametulia safi kabisa. Mbu wa dengue ndiyo maji anayoyataka. Na yule anauma mchana, chandarua unachotundika usiku hakimhusu. Waliokuwa Dar mwaka 2014 na 2019 wanaijua dengue.

Mwezi uliopita ikawa yale niliyokuwa nayasema. Mfuniko wa chuma wa shimo la choo uliibwa zamani, nadhani ulienda kwa wanunuzi wa skrepa. Mpira wa watoto ukaruka ukuta, kijana wa miaka saba wa nyumba ya tatu akaufuata. Hakuliona shimo, limefunikwa na majani. Vijana wa bodaboda wa kijiweni ndio waliomtoa, kwa kamba ya kufungia mizigo, mmoja akashuka mwenyewe mle ndani bila kujali. Mtoto yuko hai, mkono umevunjika sehemu mbili. Mama yake hakuweza hata kulia, alikuwa anatetemeka tu. Nilimshika mimi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini. Sitaitaja ofisi. Wa afya akanituma kwa wa mipango miji, wa mipango miji akanituma kwa wa ardhi, wa ardhi akaniuliza, "Mama, mwenye nyumba yuko wapi? Mlete." Nikamwambia amefariki. Akasema basi hilo ni la mirathi, tusubiri mahakama.

Yaani MIMI nimlete? Faili la kile kiwanja liko kwenye kabati lao, lina jina, lina namba ya kitalu, lina masharti ya hati. Mimi nina nini zaidi ya ukuta wa pamoja? Na mirathi inazuiaje fyekeo? Mahakama inaamua nyumba ni ya nani, haijamwambia mtu yeyote aache shimo wazi. Kama kuna msimamizi wa mirathi aandikiwe yeye. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imempa afisa afya uwezo wa kutoa notisi ya kuondoa kero kwenye kiwanja cha mtu. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 imeitaja hadi ardhi iliyotelekezwa na namna ya kuishughulikia. Sitaki watoto wa mzee wanyang'anywe cha baba yao, Mungu aniepushe. Nataka waandikiwe barua moja yenye muhuri.

Siku ya tatu alikuja afisa mmoja. Alipiga picha kutoka getini, hakuingia, nadhani aliogopa nyoka na simlaumu. Nikasema angalau. Baada ya wiki mbili nikasikia wamerudi na kopo la rangi nyekundu. Nikatoka mbio kwa furaha. X waliipiga kwenye kibanda cha yule mama anayeuza mboga na ndizi mbele ya lile geti, wakampa siku saba aondoke hifadhi ya barabara. Huyo mama ndiye anayefagia mbele ya lile geti kila siku. Ndiye aliyesikia mtoto anapiga kelele shimoni na kuita watu! Ile nyumba haikupigwa hata nukta.

Na kuna la nyuma. Tangu Machi ndugu mmoja wa ile familia amemkodisha mtu ua wa nyuma afyatue matofali. Mashine inaanza saa kumi na mbili asubuhi, lori la mchanga limevunja kalavati letu. Kiwanja ni cha makazi, na kubadili matumizi kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Nimeuliza kibali, hakuna anayekijua.

Jambo jingine linaloniuma ni kodi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani ukinunua umeme wa kulipia kabla, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikawa 1,500. Mimi nikinunua umeme nakatwa, mpangaji wa chumba kimoja anakatwa. Nyumba iliyokatwa nyaya nani anaiwekea tokeni? Deni linalala kwenye mita isiyo na mtu. Kadiri unavyotelekeza ndivyo usivyosumbuliwa.

Mji huu umejijengea jina la usafi, na ni kweli, ukidondosha ganda la ndizi stendi utashikwa kabla halijatulia chini. Watumishi wapo basi, na macho wanayo.

Naomba wenye uzoefu, hasa wanasheria: nianzie wapi sasa? Niandike kwa msimamizi wa mirathi kupitia mahakama, au baraza la ardhi, au nimfuate diwani? Barua tatu ninazo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Picha ninazo. Majirani kumi na mmoja tumesaini.

Jana usiku mvua ya kwanza ya vuli imenyesha. Asubuhi tumechukua mlango mbovu wa banda langu la kuku tukalifunika lile shimo, juu tumeweka mawe matatu.