Naomba ushauri: mwanafunzi kanibana kuhusu demokrasia

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia kidato cha tatu. Nilipoeleza kwamba demokrasia ni "wengi wape", mwanafunzi mmoja akanibana na Tume ya Nyalali, ile iliyokusanya maoni ya Watanzania kuhusu chama kimoja au vyama vingi. Mwaka 1991 kama asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee; tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa. "Sasa mwalimu, hiyo ilikuwa demokrasia?" Darasa likacheka, nami nikajifanya nafuta ubao.

Udhaifu wa kuhesabu vichwa tu nauona: wachache wanakosa pa kusemea. Lakini je, wajumbe wa tume wawaamulie wengi? Hapo ndipo ninapokwama. Jumatatu nina kipindi tena. Nyie mngemjibuje huyu kijana?