Godot 4: jukwaa linatembea, mhusika anabaki

Wakuu, natengeneza mchezo kwa Godot 4 (injini ya kutengeneza michezo ya video). Jukwaa langu ni StaticBody2D (nodi, yaani kipande cha mchezo, ya kitu kisichotembea), nalisogeza kwa AnimationPlayer (nodi ya kuendesha mwendo uliopangwa). Linatembea, ila mhusika akisimama juu halimbebi, anadondoka ukingoni. Shida nini?

— Mkuu, StaticBody2D ikisogezwa inahamishwa nafasi tu, injini haikokotoi kasi yake. Bofya kulia kwenye nodi, badilisha aina iwe AnimatableBody2D (ya vitu vinavyosogezwa kwa animesheni), Sync to Physics (kulinganisha mwendo na fizikia) ibaki imewashwa. Kwenye AnimationPlayer, Callback Mode, weka Process iwe Physics, la sivyo mwendo utakuwa wa kutetemeka.

— Nyongeza: mhusika awe CharacterBody2D (nodi ya mhusika anayeendeshwa kwa msimbo) anayetumia move_and_slide(), amri ya kumsogeza na kushughulikia migongano. Na tafadhali usirefushe jukwaa kwa Scale (kuvuta ukubwa wa nodi), migongano inavurugika. Badilisha Size ya umbo lenyewe la mgongano.

— Imekubali, anabebwa! Ila akiruka kutoka chini ya jukwaa anagonga kichwa badala ya kupita.

— Washa One Way Collision (mgongano wa upande mmoja tu) kwenye CollisionShape2D ya jukwaa, yaani nodi ya umbo lake la mgongano.