Seti ya sebule: halojeni au LED?

Seti_Ntinda
Wakuu, salaam. Studio ya tamthilia, Ntinda, Kampala. Seti ni sebule ya mita 6 kwa 5, dari mita 3.5. Taa zote ni halojeni: mbili za wati 2,000 na nne za wati 1,000. Tunarekodi saa 10 kwa siku, siku kama 12 kwa mwezi. Tokeni za Yaka (umeme wa kulipia kabla) hazikai, na kiyoyozi cha BTU 12,000 hakifui dafu. Nikihamia LED nitaokoa kweli? Nianze na taa ipi?

FundiMwanga
Ndugu, wati 8,000 kwa saa 10 ni yuniti 80. Tuseme yuniti ni shilingi 800: hiyo ni 64,000 kwa siku. Na karibu yote huishia kuwa joto humo humo chumbani. Kilowati 8 ni kama BTU 27,000 kwa saa, na kiyoyozi chako kinaondoa kilowati 3.5 tu. Vipodozi vikiyeyuka usimlaumu mpambaji.

LED mbili za wati 600 na nne za wati 200 ni wati 2,000, yaani yuniti 20, shilingi 16,000. Hapo hata kiyoyozi ulichonacho kinatosha, watu wakiwemo. Anza na zile za 2,000, ndizo nusu ya mzigo.

Ila usinunue kwa kusoma wati peke yake. Dai CRI (kipimo cha usahihi wa rangi) ya 95 kwenda juu, na uulize R9, kipimo cha wekundu. Ikiwa chini, ngozi zetu hutoka zimepauka kama zimepakwa majivu, na mhariri hawezi kurudisha rangi ambayo taa haikuitoa. Kisha ijaribu palepale dukani: weka kamera fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, halafu 1/200, halafu 1/500, huku umepunguza mwanga hadi asilimia 10. Ukiona mistari inatembea kwenye picha, iache. Taa nyingi za bei rahisi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima upesi sana. Jicho halioni, kamera inaona.

Ukichanganya na halojeni, shusha LED hadi kelvini 3,200, rangi ya mwanga wa halojeni. Usiifunike halojeni kwa jeli (karatasi angavu) ya bluu: ile nzito hula karibu theluthi mbili ya mwanga ulioulipia.

Mjomba_Gripu
Hesabu ni sawa, ila kwa siku 12 kwa mwezi asikimbilie duka. Kubadilisha zile mbili kunaokoa yuniti 28, shilingi 22,400 kwa siku. Zikigharimu, mathalani, milioni 5 kwa pamoja, zitajilipa baada ya siku 223, miezi 18 na ushee.

Kwanza sogeza taa karibu na mwigizaji. Kutoka mita 4 hadi 2 mwanga huwa mara nne, bure kabisa. Kasoro yake: mwigizaji akisogea hatua moja, uso unabadilika, kwa hiyo wekeni alama sakafuni. Upande wa kivuli simamisha poli (ubao wa povu) nyeupe ya futi 4 kwa 8 irudishe mwanga, utazima taa moja ya 1,000. Isiikaribie halojeni tu, inayeyuka. Stendi zake wachomeleaji wa Katwe wanaziunda ukiwapa mchoro.

Waya_na_Ampea
Hakuna aliyegusa waya. Plagi ya ampea 13 kwa volti 240 ina mwisho wa wati 3,120. Taa mbili za 2,000 kwenye ekstensheni moja ni ampea karibu 17. Fyuzi isipokufa, plagi itaungua. Ekstensheni ya kuzungusha ikunjueni yote, maana ikibaki imeviringishwa inajipika yenyewe.

Kwa jenereta, LED za bei rahisi huvuta ampea nyingi kuliko wati zilizoandikwa. Kwa wati 2,000 tafuta jenereta ya kVA 4, si 2.5. Iache itulie kwanza, kisha washa taa moja moja. Jenereta ndogo isiyo ya inveta volti zake hupanda na kushuka. Halojeni huvumilia, saketi za LED hufa.

Seti_Ntinda
Asanteni. Zile za 1,000 niuze zote?

FundiMwanga
Bakiza moja ya kupiga nje ya dirisha kama jua la jioni. Kivuli chake kikali na ile rangi, LED ya bei rahisi haivipati. Balbu usiishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huipasua ikipata moto. Na iache ipoe kabla ya kuisogeza.