Camogli na mama mwenye goti bovu: tupite njia gani?

Mgeni_wa_Milano

Habari zenu wakuu. Mama yangu anakuja kunitembelea Milano wiki ya pili ya Oktoba, mara yake ya kwanza kufika Italia. Ana miaka 66. Makanisa na maduka nitamwonyesha, lakini yeye anataka bahari na mimi nataka kutembea, kwa hiyo nimepanga siku mbili Camogli, kule Liguria. Nimeangalia ramani, naona njia za miguu chungu nzima zinapanda mlima wa Portofino, na nyingi zinaishia San Fruttuoso.

Shida ni goti lake la kulia. Tambarare anakwenda hata saa nzima, ngazi ndizo zinamtesa. Je, ipo njia ninayoweza kwenda naye akafaidi bila kuumia? Na siku ya pili, yeye akiwa anapumzika, mimi nipite ipi peke yangu? Nasikia kuna sehemu ya kushika minyororo. Naomba anijibu aliyepita kwa miguu yake mwenyewe.

Abiria_wa_Regionale

Mkuu, mpeleke Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani hukohuko Liguria. Via dell'Amore kati ya Riomaggiore na Manarola ilifunguliwa tena 2024, haifiki hata kilomita moja na haina mlima. Ila ukate tiketi mapema na uchague saa kabisa, huwezi kuingia tu.

Mama_Wawili_Genova

Mdogo wangu, karibu. Mimi nipo Genova mwaka wa tisa sasa, nalea bibi wa miaka 91, na mapumziko yangu ni Alhamisi mchana na Jumapili. Jumapili nyingi nimezimalizia Camogli. Treni ya kawaida kutoka stesheni ya Brignole hapa Genova haifiki saa nzima, ukishuka stesheni bahari iko chini yako. Ndugu wa Cinque Terre hajakosea, ila Via dell'Amore ni fupi, na ukitoka pale vijiji vyenyewe ni ngazi tupu. Baki na Camogli.

Kwanza niseme jambo ambalo wengi hulikosea. Mwenye goti bovu haumizwi sana na kupanda, anaumizwa na kushuka. Watu huwaonea wazee huruma wakati wa kupanda mlima, halafu wanawashusha ngazi mia nne kwa mkupuo, jioni goti limevimba. Kwa hiyo mpango wako wote uujenge juu ya swali moja: mama atashukia wapi, na kwa kitu gani? Camogli jibu lipo, basi na boti.

Siku ya kwanza usimpandishe San Rocco, kitongoji kilicho juu ya Camogli, kwa miguu. Ngazi zinaanzia mjini, zinafuata kijito, unapita kati ya mizeituni na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji hadi zaidi ya mita 200 juu ya bahari. Mimi huzipenda, huchukua kama dakika 45, lakini si za mama. Kuna basi linalopanda hadi San Rocco. Tazama saa ya kurudi kabla hujashuka, maana hayapiti kila mara.

Mbele ya kanisa la San Rocco kuna uwanja wenye ukuta mfupi, mkiegemea hapo mnauona mji wote chini na ghuba nzima hadi Genova. Msiharakishe. Kisha shikeni njia ya kwenda Mortola. Mwanzoni ni ya saruji na mawe, inakata ubavuni mwa mlima karibu usawa mmoja, upande mmoja bustani za watu, upande wa pili bahari. Oktoba utakuta wameanza kutandika nyavu chini ya mizeituni. Nendeni hadi mama aseme inatosha, mgeuke mrudi basini. Msishawishike na kibao cha San Nicolò na Punta Chiappa, mwamba unaochomoza baharini. Kanisa la San Nicolò ni la karne ya 12 na ni zuri mno, lakini kulifikia ni kushuka ngazi, na kutoka pale hadi majini ni ngazi tena.

Mchana mpakie boti gatini mwende San Fruttuoso. Ni kama nusu saa, inasimama Punta Chiappa kwanza, kwa hiyo ule mwamba ataupitia karibu bila kukanyaga ngazi hata moja. Pale Punta Chiappa ndipo wavuvi hutega tonnara, mtego wa nyavu uliopo tangu karne ya 17, kuanzia Aprili hadi Septemba. Nyavu zake husukwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi. Mvuvi mmoja alinionyesha kipande gatini, nikakishika, nikakinusa, nikamwambia kamba hii naijua tangu utotoni. Alicheka sana, akanikatia kipande cha urefu wa kiganja. Ninacho hadi leo kwenye mkoba wa kanisani. Mwambie mama habari hiyo mkipita, atafurahi.

San Fruttuoso haina barabara ya gari, ni miguu au maji tu. Abasia, yaani monasteri ya kale, imekaa juu ya ufukwe wa kokoto, na ndani kuna makaburi ya ukoo wa Doria, karne ya 13, yamejengwa kwa mistari ya jiwe jeupe na la kijivu. Ufukwe wenyewe ni mtoto wa maafa: mafuriko ya 1915 yalibomoa sehemu ya kanisa na kushusha udongo na mawe hadi baharini. Mwaka 1983 ukoo uliikabidhi kwa FAI, taasisi inayotunza maeneo ya kihistoria, nayo ikaikarabati. Na nje kidogo, mita kama 17 chini ya maji, imesimama sanamu ya Kristo yenye mikono iliyoinuliwa, kazi ya Guido Galletti, ilizamishwa Agosti 1954. Huwezi kuiona kutoka ufukweni, lakini mimi kila boti ikiingia ghuba ile huwa nanyamaza kidogo.

Boti ya kurudi muiulizie mkiwa bado gatini Camogli. Oktoba ratiba imepunguzwa, na bahari ikichafuka haziendi kabisa.

Mgeni_wa_Milano

Dada, Mungu akubariki. Umenifungua macho kwa habari ya kushuka, ndivyo ilivyo kweli, mama hulalamika akishuka na si akipanda. Mjini penyewe je, anaweza kuzunguka? Na mimi siku ya pili nipite hiyo ya minyororo?

Mama_Wawili_Genova

Mjini anaweza. Kutoka stesheni kwenda ufukweni kuna ngazi, zizungukeni kwa barabara ya gari hata kama ni ndefu. Mkishafika chini, njia ya kando ya bahari ni tambarare mpaka kanisa kubwa na ngome ya Dragonara, halafu bandari ndogo.

Mkalishe mama mahali atazame nyumba. Ni ndefu, zimebanana, rangi ya machungwa, ya waridi, ya manjano, na madirisha mengi ni ya kuchorwa. Kuna moja nililotazama siku nyingi nikidhani shata yake imeachwa nusu wazi, mpaka siku moja mvua ya upepo ilipokuja shata zote za ghorofa ile zikagongagonga, ile ikatulia. Kivuli chake pia kimepakwa rangi. Chini yake nguo za kweli zimeanikwa.

Mji huu katika karne ya 19 ulikuwa na mamia ya merikebu za matanga, na 1853 wenyewe walianzisha bima yao ya pamoja ya vyombo. Ukitaka kuona upande wa pili wa utajiri ule, nendeni patakatifu pa Boschetto. Kuta zimejaa picha zilizowekwa nadhiri na mabaharia walionusurika: chombo kimelala ubavu, mawimbi meusi, na pembeni juu Bikira Maria. Mimi nimetoka pale nikilia zaidi ya mara moja, maana ndugu zangu pia ni watu wa bahari.

Kuhusu minyororo, nilipita mara moja na sikurudia. Nimwachie aliyeizoea ajibu.

Soli_Ngumu

Nimepita mara nne, naishi Recco hapo jirani. Inaitwa njia ya Batterie, alama yake ni vidoa viwili vyekundu. Kutoka San Rocco unapita Mortola, unaingia msituni, na hadi kwenye mahandaki ya mizinga ya vita vya pili vya dunia ni mwendo wa kawaida kwa mtu mwenye viatu vizuri. Hapo simama utazame chini, Punta Chiappa inaonekana kama kidole kilichonyooshwa baharini. Watu wengi hugeukia hapo na hawajapoteza kitu.

Mbele yake ndiko kazi ilipo. Mwamba wa mlima ule ni kokoto zilizogandamana kama zege la asili, wanauita puddinga. Ukikauka unashika soli vizuri, ukilowa kokoto zinakuwa sabuni. Mara ya tatu nilikwenda asubuhi baada ya mvua ya usiku, jua limetoka, nikajiambia pamekauka. Penye kivuli hapakuwa pamekauka. Mguu ukateleza, nikabaki nimening'inia kwa mkono mmoja kwenye mnyororo, chini yangu bahari. Niliinuka na kiganja kimechubuka, nikarudi San Rocco polepole nikitetemeka. Tangu siku ile sheria yangu ni siku mbili kavu mfululizo, au siendi. Na Oktoba ni kati ya miezi ya mvua kubwa Liguria. Mkoa ukitangaza tahadhari ya hali ya hewa, hata ya manjano, iache kabisa.

Kama umepata siku kavu na urefu haukutishi, nenda asubuhi, peke yako usiende, hesabu mwendo wa saa tatu kutoka San Rocco. Utaipita Cala dell'Oro, ghuba iliyofungwa kwa boti na kwa waogeleaji, maji yake huwezi kuyasahau. Usiposhawishika, pita ya juu: San Rocco, Toca, Pietre Strette, halafu unateremka San Fruttuoso. Unapanda hadi zaidi ya mita 400 juu ya bahari, jasho litakutoka, lakini ni msitu, kivuli, na hakuna mahali pa kuning'inia. Mimi mwenyewe Oktoba napita hiyo. Beba maji, San Rocco ndipo pa mwisho pa kununua chochote kabla ya ufukweni. Nguruwe pori ukiwakuta, wapishe.

Mgeni_wa_Milano

Nimeamua ya juu, kwa miguu kwenda na boti kurudi. Nimemweleza mama kwenye simu habari za zile nyavu za makumbi, amesema anataka kumwona huyo mvuvi.

Mama_Wawili_Genova

Oktoba tonnara itakuwa imeshatolewa majini, lakini wavuvi bado wapo gatini asubuhi, kabla ya saa nne. Kama mtafika Jumapili niandikie kwa ujumbe wa ndani, nitashuka na treni nimsalimie mama, na kile kipande changu nitakuja nacho.