Chumba cha mita 4 kwa 3.6 Dar es Salaam: kiyoyozi cha BTU 9,000, 12,000 au 18,000?

Mwanzisha uzi
Heshima kwenu wakuu. Mama yangu mzazi amehamia kwangu Mbezi, na joto la Februari lilimkosesha usingizi. Chumba chake kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.6, paa ni la bati, dari ni ya jipsamu, na dirisha kubwa linatazama magharibi. Muuza duka ananisisitizia BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa hoja kwamba kikubwa hupoza haraka na kuzima mapema, hivyo huokoa uniti za LUKU, ilhali fundi wangu anasema 9,000 inatosha. Nimsikilize nani?

Fundi Ubaridi
Ndugu, anza na eneo: 4 mara 3.6 ni mita za mraba 14.4. Kwa nyumba za Pwani mimi hukadiria BTU 600 kwa kila mita ya mraba penye kivuli na dari nzuri, na hupanda hadi 800 penye jua la magharibi. Kwako hiyo ni kati ya 8,640 na 11,520, na kwa kuwa dirisha hilo na bati lililochemka mchana kutwa vinakusogeza juu, chukua 12,000. Cha 9,000 kitapoza, lakini jioni za Februari kompresa (mtambo unaosukuma gesi ya ubaridi) haitapumzika.

Mkazi wa Kigamboni
Nakusihi usinunue cha 18,000. Mimi nilifunga cha ukubwa huo katika chumba kinacholingana na chako. Kilishusha joto kwa dakika chache, kompresa ikazima, ikawaka tena, ikazima, na ndivyo ilivyokuwa usiku kucha. Kiyoyozi hukausha hewa pale mvuke unapogusa koili baridi na kugeuka maji yanayotiririka nje. Kikizima mapema mno, unyevunyevu wa bahari unabaki chumbani. Tulilalia shuka zenye unyevu, na nguo kabatini zikaota ukungu. Mama mtu mzima asipitie hayo.

Mwanzisha uzi
Nashukuru sana. Je, cha 18,000 kikiwa cha inveta, tatizo hilo halitaondoka?

Fundi Ubaridi
Litapungua, kwa sababu kompresa ya inveta hupunguza mwendo badala ya kuzima, lakini nayo ina kiwango cha chini isichoweza kukivuka, na utakuwa umelipia nguvu usiyoihitaji. Nunua inveta ya 12,000 na uiweke kwenye nyuzi 25 au 26. Kabla ya hapo litazame dirisha: kama ni la luva, baridi yote itavuja, kwa hiyo lizibe vizuri au libadilishe, kisha weka kivuli upande wa nje ili jua lizuiwe kabla halijagusa kioo. Fundi avute waya wa peke yake kutoka kwenye ubao mkuu wa umeme wa nyumba, na kipande cha ndani kifungwe mahali ambapo upepo hautampiga mama kitandani.